Bei ya Marinda

Novemba 2023 kampuni ya mitindo ya Balenciaga ilitoa sketi mpya ya kuvaliwa na wanaume na wanawake. Ilikuwa taulo. Sisemi kitambaa kilichofanana na taulo ukikitazama kwa mbali, la. Ilikuwa pamba nene yenye vile vitanzi vidogo vya kunyonya maji, ikafika magotini, na vifungo vimefichwa kwa ndani. Kijana aliyeionyesha alikuwa ameivaa juu ya suruali. Bei: pauni 695, au dola 925, ambazo kwa shilingi za Tanzania za wakati ule zilipita milioni 2. Siku chache baadaye IKEA, wauza samani wa Sweden, wakajibu kupitia tawi lao la Uingereza. Walimpiga picha mwanamume aliyesimama vilevile, amevaa miwani vilevile, kajifunga taulo lao la kuogea la pauni 16.

Watu walicheka, na sisi tulikuwa na sababu ya ziada ya kucheka. Mwanamume wa nyumba ya kupanga anayevuka ua alfajiri, taulo kiunoni, mswaki mdomoni, ndoo mkononi, hajawahi kujua kwamba yuko kwenye maonyesho ya mitindo.

Basi tuulizane habari ya fedha, maana ile ya maadili imeshaulizwa mpaka imechoka. Mwanamume akitaka kuvaa sketi, anauziwa nini kwa dola 925, anauziwa nini kwa pauni 40, na nini kwa shilingi mia kadhaa za Kenya sokoni?

Biashara ya sketi za wanaume zenye majina makubwa inamdai sana Mfaransa Jean Paul Gaultier, aliyezipandisha jukwaani katika mkusanyiko wake wa mwaka 1985, na ambaye mwenyewe amepigwa picha nyingi akiwa na kilti ya Kiskoti. Marc Jacobs wa New York alianza kuzivaa mitaani miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, nyingi zikiwa za Comme des Garçons, kampuni ya Mjapani Rei Kawakubo. Mwaka 2003 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, likafungua maonyesho mazima juu ya wanaume na sketi, msimamizi akiwa Andrew Bolton, na mmoja wa wafadhili alikuwa Gaultier huyohuyo. Juni 2017 Thom Browne akawatembeza wanaume Paris wakiwa na sketi na magauni ya kitambaa cha suti. Julai 2022 Brad Pitt akatokea Berlin kwenye uzinduzi wa filamu yake akiwa na sketi ya kitani ya rangi ya kahawia. Alipoulizwa sababu, akajibu kwamba ni upepo tu. Jibu la mtu mwenye akili. Julai ile Ulaya ilikuwa inaungua kwa joto.

Sketi ya marinda ya Thom Browne hupita dola 1,000 bila jasho. Kitambaa chake ni kizuri na mshono wake ni safi, sina ugomvi na hilo. Lakini kitambaa kizuri na mshono safi vinapatikana kwa fundi mwingine kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kinachobaki ni kibali. Mwanamume wa London au Chicago anayeingia kazini na sketi anajua atatazamwa, na lebo ya jina kubwa inamjibia kabla hajaulizwa: huyu hakukosea kuvaa, amekusudia, na ana uwezo. Ndiyo maana nasema bei ya sketi ya mwanamume inategemea mahali. Panapokuwa kioja, mnunuzi hulipia jina. Panapokuwa jambo la kila siku, hulipia uzi na mkono wa fundi.

Mfano wa hilo ni Uskoti, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kilti ni kazi ya kuangaliwa kwa karibu.

Kilti kamili ya mwanamume mzima hula yadi 8 za sufu nzito ya mirabaraba, yaani mita 7 na ushei. Mbele haina marinda. Kuna vipande viwili vipana vinavyopandana, kimoja juu ya kingine. Marinda yote yako nyuma, na hapo ndipo fundi anapopimwa. Mshonaji wa sketi za shule pale Kariakoo anajua kwamba rinda la kawaida hula kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana. Rinda la kilti ni la kina zaidi, kwa sababu kwa kila rinda fundi hukunja takriban mzunguko mzima wa mchoro, akipima ili mistari irudi mahali pake. Akimaliza, ukitazama nyuma unaona mirabaraba ileile iliyoko mbele, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Kwa vikosi vya jeshi mtindo ni mwingine: huchaguliwa mstari mmoja tu, ukasimama katikati ya kila rinda kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kutoka kiunoni mpaka nyongani marinda hushonwa kwa mkono, tundu moja moja, na chini ya hapo huachwa huru yacheze. Kwa ndani hutiwa kitambaa kigumu cha kushika umbo. Chini kabisa hakuna upindo, kwa kuwa fundi hutumia ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo wa kufumia. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Kwa mafundi wa Edinburgh wanaoshona hivyo, kilti peke yake huangukia mara nyingi kati ya pauni 500 na 900. Ongeza koti, mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele, soksi ndefu na kile kisu kidogo cha kuchomekwa kwenye soksi, unapita 1,000. Ni fedha nyingi. Ila kiunoni hufungwa kwa mikanda midogo ya ngozi, na mwenyewe akinenepa mikanda hiyo husogezwa. Yule aliyeinunua kwa harusi yake anaweza kuivaa kwenye harusi ya mwanawe, kisha akamwachia. Katika sketi zote za bei kali nilizozitaja, hii ndiyo ningemtetea anayeinunua.

Na haikuzaliwa ghali. Wachungaji na askari wa milimani walijifunga blanketi refu la sufu kiunoni kwa mkanda, sehemu ya juu wakaitupia begani, na usiku wakalifunua wakalilalia. Baada ya uasi wa watu wa milimani wa 1745 kushindwa, serikali ya London ilipitisha sheria ya 1746 iliyopiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na mara ya pili alipelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7. Askari wa vikosi vya mfalme walisamehewa. Marufuku ilifutwa 1782, na miaka 40 baadaye vazi hilohilo likavaliwa na mfalme. George wa Nne alipotembelea Edinburgh mwaka 1822, ziara ambayo mwandishi Walter Scott ndiye aliyeipanga na kuipamba, alishonewa vazi la milimani lililogharimu pauni 1,354 na shilingi 18. Kwa thamani ya leo hizo ni zaidi ya pauni 100,000. Chini ya kilti alivaa soksi za kubana za kufika kiunoni za rangi ya waridi, na wachora katuni wa London hawakumwacha. Neno la ubunifu wa mitindo lilikuwa bado, lakini bei ya jina ilikwishafika. (Sisi Afrika Mashariki tulipata wa kwetu: Idi Amin, aliyewahi kuwa chini ya maofisa Waskoti katika jeshi la kikoloni la KAR, alijitangaza Mfalme wa Uskoti, na wapiga zumari wake walivalishwa kilti.)

Ukiteremka barabara ya Royal Mile, Edinburgh, utaikuta kilti ya pauni 30, 40, mpaka 60, imetundikwa mlangoni karibu na vikombe na sumaku za friji. Si ya sufu, ni ya nyuzi za kiwandani. Nyingi hushonwa Sialkot, Pakistani, mji uleule unaojulikana kwa mipira ya miguu na kwa kutengeneza zumari za Kiskoti. Marinda yake ni machache na yamepigwa pasi tu; ukikaa safari ya saa mbili kwenye basi, ukiinuka yamelala. Wenye kilti za sufu huicheka. Mimi siicheki. Juni 2024 maelfu ya mashabiki wa Uskoti walimiminika Munich kwenye mechi ya ufunguzi wa Kombe la Ulaya, wakamwagiwa bia, wakafungwa mabao 5 kwa 1 na Ujerumani. Mtu mwenye kilti ya pauni 800 aliyoirithi kwa babake angeipeleka huko kufanya nini? Kwa shughuli ya namna hiyo ya pauni 40 ndiyo yenyewe. Na kwa bwana harusi wa siku moja kuna maduka ya kukodisha seti nzima, inarudishwa Jumatatu.

Wengine sketi haikuwagharimu hata senti. Juni 2017 wanafunzi wa kiume wa sekondari moja mjini Exeter, Uingereza, waliomba kuvaa kaptula kwa sababu ya joto, wakakataliwa. Sare ya shule iliruhusu sketi, basi wakaazima za dada na marafiki zao, wakaja nazo darasani kwa makumi. Wiki hiyohiyo madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walishika usukani wakiwa na sketi kwa sababu ileile, na mwajiri wao akalegeza masharti ya kaptula.

Kama kuna anayedhani sketi za kifahari za wanaume ni jambo la Wazungu peke yao, aende Indonesia. Huko saruni ni vazi la msikitini, la sikukuu na la nyumbani, na soko lake lina matabaka yake kamili. Wadimor na Gajah Duduk ni za kila mtu. Nyingi hazifiki rupia laki 1. BHS, inayotoka Gresik, Java Mashariki, ina saruni za hariri zilizofumwa kwa mitambo ya mkono ambazo hupita rupia milioni 1, na wazee huzitambua kwa kuziona tu. Ma'ruf Amin, makamu wa rais wa nchi hiyo kuanzia 2019 hadi 2024, alizoeleka kuwa na saruni na koti kwenye shughuli rasmi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwa hiyo hata ile ya bei kali haiuzi ujasiri, inauza hariri, na mnunuzi anaijua kwa vidole.

Pwani yetu iko upande huo. Mwanamume wa Tanga, Lamu au Unguja anayejifunga msuli au kikoi akakaa barazani kucheza bao hahitaji kibali cha Paris. Kikoi ni pamba iliyofumwa, mistari pembeni, matamvua kwenye ncha; hakina mshono, hakina saizi, na kinafungwa kwa kukunja na kuviringisha kiunoni. Mombasa cha kawaida hupatikana kwa shilingi mia kadhaa za Kenya, na kizuri kwa elfu na kitu. Kitambaa hichohicho kikivuka bahari kikatundikwa kwenye duka la nguo za ufukweni Ulaya, bei hupanda mara kadhaa, na huko huuzwa zaidi kwa wanawake.

Wapo waliotaka kulinunua hata jina lenyewe. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba "kikoy" isajiliwe kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Ingepita, mfumaji wa Kenya angepeleka vikoi vyake London akakuta hana ruhusa ya kuviita vikoi. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki wa Uingereza walipinga, wanasheria wakajitolea, na mwaka 2008 dai hilo likaachwa. Nalitaja kwa wale wanaodhani bei ya jina ni mchezo wa matajiri usiotuhusu.

Na kwa mnunuzi, mambo mawili ya dukani. Akienda kwenye kilti au sketi yoyote ya marinda, aigeuze ndani kabla ya kutazama lebo. Kama marinda yameshikwa kwa mshono mpaka nyongani na pana kitambaa kigumu nyuma yake, kuna kazi iliyofanyika. Kama yameshikwa kwa pasi peke yake, alipe bei ya pasi. Kikoi akiinue kwenye mwanga: cha mtambo nyuzi zake zimelingana mno, cha mkono kina vifundo vidogo hapa na pale na ni kizito zaidi mkononi. Vyote viwili vinafaa, lakini havistahili bei moja, na muuzaji anajua. Na nyumbani, kikoi chekundu au cha buluu iliyokoza kifuliwe peke yake mara ya kwanza, kwa maji baridi, kwa sababu kitachuja.