Neno "Huenda" na Vita vya Iraki

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii humfaa mtu anayejihadhari. Ikifanywa msingi wa vita, huzaa maafa, kama ilivyodhihirika Iraki mnamo 2003.

Darasani mwangu huwaandikia wanafunzi wa isimu sentensi tatu. "Saddam Hussein alikuwa na silaha za maangamizi." "Saddam huenda ana silaha za maangamizi." "Saddam ana silaha za maangamizi." Ya kwanza ni kweli tupu: Machi 16, 1988, majeshi yake yaliushambulia mji wa Halabja kwa gesi ya sumu, yakaua maelfu ya Wakurdi. Ya pili ilikuwa dhana yenye mashiko, kwani serikali yake iliwazungusha wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi. Ya tatu ilihitaji ushahidi, nao haukuwapo.

Hata hivyo, ya tatu ndiyo iliyotangazwa. Ripoti ya siri ya majasusi wa Marekani ya Oktoba 2002 ilikuwa na maneno ya tahadhari. Katika toleo la umma, mengi yaliondolewa. Februari 5, 2003, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Colin Powell, alilieleza Baraza la Usalama kuhusu maabara za sumu zilizofichwa ndani ya magari. Habari hiyo ilitegemea hasa mkimbizi mmoja, ambaye mnamo 2011 alikiri kwamba aliizua. Siku chache baada ya hotuba hiyo, mkuu wa wakaguzi, Hans Blix, alionya kwamba silaha ambazo hesabu yake haijakamilika zisichukuliwe kuwa zipo. Vita vikaanza Machi 20.

Mnamo 2004, kikosi cha uchunguzi cha Marekani yenyewe, chini ya Charles Duelfer, kiliripoti kwamba hakikuona akiba ya silaha hizo, na kwamba mpango wa nyuklia ulikoma mnamo 1991. Uingereza nayo, tume ya John Chilcot ilitamka mnamo 2016 kwamba madai hayo yalitolewa kwa uhakika usiostahili. Kufikia hapo, raia maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Watasema wengine kwamba kiongozi hawezi kungojea uhakika kamili. Naam, lakini na aseme waziwazi kwamba anashuku tu, ili wananchi wapime kama shaka hiyo yatosha kuwapeleka wana wao kuua na kuuawa.

Walimu wenzangu, wapo miongoni mwetu wanaoyakata katika insha maneno "huenda" na "yamkini", wakidai ni dalili ya woga. Mimi nayaona kuwa ni uaminifu. Mwanafunzi aandikapo "ni bayana kwamba", tumuulize: bayana kwa nani, na kwa ushahidi upi? Akizoea kujibu swali hilo shuleni, atajua kuwauliza watawala wake kesho.