Mtini, Pangoni au Shambani: Gharama za Malazi ya Kijani Vijijini Ufaransa

Bei ya kulala usiku mmoja katika kibanda cha kifahari juu ya mti huko Ufaransa inatosha kulala siku mbili katika yurti iliyosimamishwa kwenye shamba la mbuzi, na chenji ikanunua jibini la mwenye shamba. Matangazo ya malazi yote mawili yanadai kwamba ni rafiki wa mazingira. Mteja akisoma haraka ataona kibanda cha bei kubwa ndicho cha kijani zaidi, kwa kuwa picha zake zina majani mengi.

Ukilinganisha kwa makini, mambo huwa kinyume. Vijijini Ufaransa, malazi yanayotunza mazingira kwa dhati mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kinachopandisha bei ni jakuzi, mashine na umbali unaohitaji gari, na hivyo hivyo ndivyo vinavyochafua. Makala haya ni kwa Mswahili anayeishi Paris, Brussels au London na anatafuta pa kupeleka watoto likizo, na kwa anayepanga safari kutoka Nairobi au Dar es Salaam.

Kuna nini, na kwa kiasi gani

Bei zifuatazo ni za kawaida kwa watu wawili kwa usiku mmoja. Julai na Agosti, shule zote za Ufaransa zinapofungwa, zinaweza kupanda kwa theluthi au zaidi.

*Kambi shambani*, yuro 12 hadi 20. Unakuja na hema lako na kulipia nafasi. Kambi ndogo za aina hii zina kikomo cha nafasi 6 na watu 20, kwa hiyo hakuna msongamano. Mayai na mboga unanunua kwa mkulima mwenyewe.

*Kitanda katika nyumba ya wapita njia*, inayoitwa gîte d'étape, yuro 20 hadi 28 kwa kila mtu. Vyumba ni vya kuchangia na jiko ni la wote. Ukiongeza chakula cha jioni na kifungua kinywa, mtu mmoja hulipa takriban yuro 50.

*Yurti*, yuro 70 hadi 120. Ni hema la mviringo la Kimongolia lenye fremu ya mbao na tabaka la sufu, na katikati au pembeni huwa na jiko la kuni. Usiku wa baridi wa Aprili ina joto zuri. Adhuhuri ya Agosti ni shida, maana hema halihifadhi ubaridi wa usiku kama ukuta wa mawe. Tarehe 28 Juni 2019 kusini mwa nchi kipimajoto kilifika nyuzi 46, kwa hiyo ikiwa unakwenda wakati huo, uliza kama yurti iko chini ya kivuli cha miti.

*Roulotte*, yuro 80 hadi 120. Ni behewa la mbao lenye magurudumu, mfano wa yale waliyoishi wasafiri wa jamii ya Waroma. Kitanda huwa upande wa nyuma, na nafasi ni finyu. Watoto huipenda kupita kiasi, ila mtu mrefu atainama.

*Chumba cha pangoni*, yuro 90 hadi 150. Vyumba hivi viko hasa kandokando ya mto Loire, karibu na mji wa Saumur. Jiwe jeupe la huko, tuffeau, lilichimbwa kwa karne nyingi ili kujenga makasri na makanisa, na mashimo yaliyobaki yakawa makazi ya watu. Ndani kabisa ya mwamba halijoto hukaa karibu nyuzi 12 hadi 14 mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayehitaji kiyoyozi. Chukua sweta hata Julai. Usiegemee ukuta ukiwa umevaa shati jeusi, kwani jiwe hilo ni laini na huacha unga mweupe.

*Kibanda juu ya mti*, yuro 120 hadi 200, na chenye jakuzi kinaweza kuzidi hapo. Asubuhi kikapu cha kifungua kinywa huachwa chini ya mti, nawe unakivuta juu kwa kamba na kapi: mkate wa moto, siagi, jemu, chupa ya kahawa. Furaha hiyo ni ya kweli. Lakini vibanda vingi havina maji ya bomba, vingine vimeweka umri wa chini kwa watoto, na kushuka ngazi saa nane usiku kwenda chooni si jambo la kila mtu.

Nyota za kulipia na nyota za bure

Mtindo uliovuma sana ni kuba la plastiki angavu ambamo unalala ukitazama nyota, kwa yuro 130 hadi 200. Kuba la namna hiyo husimama kwa sababu feni inalijaza hewa mchana na usiku bila kukoma. Feni ikizimika, kuba linalegea. Likiwa na jakuzi, kuna pia maji ya nyuzi 37 yanayopashwa moto nje, katika hewa ya baridi, yakimsubiri mgeni. Tangazo litataja msitu na ndege wake, bila kugusia umeme huo.

Sasa angalia mbadala wake. Hifadhi ya Taifa ya Cévennes, kusini mwa nchi, ilitambuliwa mwaka 2018 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, kwa maana kwamba taa za miji haziharibu mwonekano wa nyota. Ndani yake, mtembeaji anaruhusiwa kulala kwenye kihema kandokando ya njia kuu za miguu kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu asubuhi, kisha anaondoka. Hakuna malipo. Moto hauruhusiwi, na taka unaondoka nazo.

Huko ndiko alikopita mwandishi Robert Louis Stevenson mwaka 1878 na punda wake Modestine. Leo njia hiyo inaitwa GR 70, imepangwa nyumba za wapita njia kwa umbali wa mwendo wa siku moja, na bado unaweza kukodi punda wa kubeba mizigo. Anayetaka nyota, ukimya na historia atavipata vyote kwa sehemu ndogo ya bei ya kuba.

Gharama ambazo tangazo halizitaji

Kabla ya kulinganisha bei mbili, hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Sheria ya Ufaransa inasema chumba cha wageni katika nyumba ya mwenyeji, chambre d'hôtes, lazima kijumuishe mashuka na kifungua kinywa, na mwenyeji haruhusiwi kuzidisha vyumba 5 wala wageni 15. Kwa hiyo chumba cha yuro 85 cha aina hiyo kinaweza kuwa nafuu kuliko yurti ya yuro 75 isiyo na kitu ndani.

Kwingineko uliza haya: mashuka na taulo, usafi wa mwisho (katika nyumba nzima hufika yuro 40 hadi 70), kuni za jiko, na kodi ya kitalii ambayo kila mtu mzima hulipa kwa kila usiku. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kodi hiyo. Nyumba za likizo nyingi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, na baadhi hujumuisha umeme kwa kiwango maalumu, mara nyingi uniti 8 kwa siku, ukizidisha, unalipa. Kiwango hicho ni kipimo kizuri cha mwenyeji anayejali.

Chakula cha pamoja mezani kwa mwenyeji, table d'hôtes, hugharimu takriban yuro 20 hadi 30 na aghalabu huwa na mvinyo. Menyu ni moja kwa wote, na nyama ya nguruwe ni ya kawaida vijijini. Asiyeila aseme siku ya kuweka nafasi, si anapokaa mezani. Wenyeji huwa tayari kubadilisha wakiarifiwa mapema.

Na kuna choo. Malazi mengi ya kijani yana choo kikavu: kiti cha mbao juu ya ndoo, pembeni pipa la maranda na kopo. Ukimaliza unamwagia kopo moja la maranda na kufunika, na mwenyeji hupeleka yote kwenye mboji. Kikitumiwa hivyo hakinuki, na kinaokoa lita nyingi za maji safi. Anayejisafisha kwa maji aulize mapema, kwa sababu maji mengi huharibu mboji. Baadhi ya mashamba yana choo cha kawaida karibu na nyumba kuu.

Safari ndiyo mzigo mkubwa

Huwezi kupima ukijani wa kibanda bila kuuliza umefikaje. Treni ya kasi ya Ufaransa inatumia umeme ambao kwa sehemu kubwa unatoka kwenye nyuklia, nayo hutoa chini ya gramu 5 za kaboni kwa abiria kwa kila kilomita. Gari la petroli au dizeli hutoa takriban gramu 200 kwa kilomita. Tofauti hiyo inafunika maranda yote na kuni zote.

Kwa sababu hiyo bonde la Loire lina faida. Paris hadi Angers ni saa moja na nusu hivi kwa treni ya kasi, kisha treni ya mkoa inakupeleka Saumur. Njia ya baiskeli ya Loire à Vélo ina urefu wa takriban kilomita 900, na malazi yenye alama ya Accueil Vélo yako ndani ya kilomita 5 kutoka njia ya baiskeli.

Anayetoka Afrika Mashariki aambiwe ukweli: kaboni ya ndege ni nyingi kuliko ya malazi yake yote. Njia ya busara ni kuja mara chache na kukaa muda mrefu, huku safari za ndani zikiwa za treni.

Nembo zinazostahili kuaminiwa

Mashuke ya ngano 1 hadi 5 ya Gîtes de France, shirika lililoanzishwa mwaka 1955, yanapima starehe, hayapimi mazingira. Kwa mazingira, tafuta Clef Verte au ua la Ecolabel ya Umoja wa Ulaya. Zote mbili hukaguliwa. Mtandao wa Accueil Paysan unaunganisha wakulima wadogo wanaopokea wageni, na pesa yako inabaki shambani. Neno "eko" pekee halitoshi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2024, inayotumika kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, inakataza madai ya jumla ya ukijani yasiyo na uthibitisho.

Soma mkataba kabla ya kutuma pesa

Malipo ya kwanza yana sura mbili, na tofauti yake ni kubwa. Yakiandikwa arrhes, unaweza kughairi na kupoteza kiasi hicho tu. Mwenyeji akighairi, anakurudishia maradufu. Yakiandikwa acompte, umejifunga, na unaweza kudaiwa bei yote. Ile haki ya siku 14 ya kubadili mawazo kwa ununuzi wa mtandaoni haihusu malazi yenye tarehe maalumu. Anayehitaji viza ya Schengen huombwa uthibitisho wa malazi, kwa hiyo apate kwanza masharti ya kurudishiwa pesa kwa maandishi.

Hesabu mbili za familia moja

Tuchukue mfano wa wazazi wawili na watoto wa miaka 8 na 10, kutoka Paris, wakilala siku tatu karibu na Saumur.

Hesabu ya kwanza ni kibanda chenye jakuzi: malazi 570, gari la kukodi siku nne 200, mafuta na ushuru wa barabara 90, chakula cha mgahawani 210. Jumla yuro 1,070, na gari peke yake, kwa kilomita 600 kwenda na kurudi, limetoa kilo 120 za kaboni.

Hesabu ya pili ni yurti shambani: malazi 285, treni 240, baiskeli 80, chakula cha sokoni kilichopikwa jiko la pamoja 105. Jumla yuro 710, na kaboni ya treni kwa wote wanne haifiki kilo 20. Yuro 360 zilizobaki zinalipia siku mbili nyingine shambani, chakula na baiskeli bila wasiwasi.

Chagua hivi

Wenye watoto wadogo na bajeti ndogo: yurti au roulotte shambani, Mei, Juni au Septemba. Wazee na wasiopenda joto: pango la Loire, wakihakikisha kuna mlango usio na ngazi. Vijana wenye miguu imara: nyumba za wapita njia huko Cévennes. Wanandoa wanaosherehekea: kibanda cha mtini kwa usiku mmoja, bila jakuzi, kilicho karibu na stesheni ambako mwenyeji atawapokea.

Kabla ya kulipa, muulize mwenyeji maswali matatu: umeme unatoka wapi, maji machafu yanakwenda wapi, na nitafikaje kwako bila gari? Mwenyeji anayeishi anachokitangaza atajibu yote kwa furaha na kwa undani. Anayekutumia picha nyingine za machweo badala ya majibu, mwache, pesa yako ikamfae mkulima.