Baiskeli Isipande Mlima

Barabara ya kutoka Katoro kwenda Buseresere, mkoani Geita, haikosi baiskeli. Hupita zikiwa na madumu ya maji, magunia ya mkaa yaliyofungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, mikungu ya ndizi, au mama aliyekaa upande mmoja na mtoto mgongoni. Shinyanga mjini baiskeli za abiria zilipewa jina la daladala, maana ndizo zilizokuwa zikiwafikisha watu sokoni na hospitali. Hakuna anayeiita kazi hiyo michezo. Lakini taja likizo ya siku chache ya baiskeli, hema na kupanda mlima, na wengi watadhani unawasema wageni wa Kilimanjaro wenye baiskeli za bei ya ng'ombe kadhaa. Dhana hiyo si ya bure, ila imekosea kwenye msingi. Kinachoifanya likizo hii ionekane ya wenye fedha ni imani kwamba baiskeli ndiyo inayopaswa kupanda mlima. Ukiachana na imani hiyo, baiskeli ikapewa tambarare na miguu ikapewa mlima, gharama zinashuka, hatari zinapungua, na mkazi wa Katoro anakuta kwamba sehemu kubwa ya vifaa anavyo tayari nyumbani.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu. Baiskeli nyingi za kanda hii, Phoenix na jamaa zake, zina gia moja. Gurudumu la meno la mbele lina meno zaidi ya mara mbili ya lile la nyuma, kwa hiyo pedeli ikizunguka mara moja tairi kubwa linazunguka mara mbili na zaidi, na baiskeli inasogea karibu mita tano. Kwenye tambarare ya Usukuma huo ni mpango mzuri sana. Sasa chukua mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 10 za barabara unapanda mita moja, na chukua uzito wa mwendeshaji, baiskeli na mizigo kuwa kilo 100. Kila pedeli inapokamilisha mzunguko umeinua kilo 100 kwa nusu mita: ni sawa na kunyanyua mifuko miwili ya saruji kutoka chini hadi magotini, kisha tena, kisha tena, mara 30 kwa dakika. Nguvu inayotakiwa hapo inazidi wati 230, na hiyo ni kabla ya kuhesabu mchanga na kokoto. Mtu mwenye afya ambaye si mwanariadha anaweza kutoa wati 100, pengine 150, kwa muda wa saa nzima. Anayeshuka na kusukuma hajashindwa na mlima, amesoma hesabu vizuri.

Baiskeli ya gia nyingi, hata ya mtumba, inalegeza pedeli ili miguu isichoke haraka, lakini haiwezi kupunguza kazi yenyewe. Kuinua kilo 100 kwa mita 100 kunahitaji joule 98,000, upende usipende. Kwa wati 100 hiyo ni kazi ya dakika 16, na katika mwinuko wa asilimia 10 utakuwa umesogea kilometa moja tu. Huo ni mwendo wa chini ya kilometa nne kwa saa, ambao mtu anayetembea bila haraka anaupita. Kwa maneno mengine, mlima ukishakuwa mkali, aliyenunua gia na asiye nazo hufika karibu wakati mmoja, na anayetembea kwa miguu akiwa na begi dogo tu huwatangulia wote wawili.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye mlima wetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili waliokuwa mabinamu, Richard na Nicholas Crane, walifika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, wakiwa na baiskeli. Ni tendo la kishujaa, na lilichangisha fedha kwa kazi njema. Ila katika sehemu kali za safari hiyo, baiskeli ndiyo iliyompanda mwanadamu: waliibeba mabegani. Tazama pia Usambara, ambako utalii wa baiskeli na miguu una mizizi. Kutoka Mombo hadi Lushoto barabara inapanda takriban mita 1,000 ndani ya kilometa 33 hivi, wastani wa asilimia tatu tu, kwa sababu waliochora njia hiyo waliizungusha kwa subira kwenye kingo za mlima. Kwa mtu mzoefu mwenye gia ni kazi ya saa zaidi ya tatu. Lakini ukishaingia kwenye vijia vya msitu wa Magamba au kuelekea Mtae, wenyeji wanatembea, na wageni wenye busara wanawafuata kwa miguu.

Wapo watakaosema kwamba raha ya mlima ni kushuka, na kwamba jasho la kupanda hulipwa na upepo wa mteremko. Hapa ndipo ninapokuwa mkali zaidi, maana kwenye kuteremka ndiko watu huumia. Zile joule 98,000 ulizozipata kwa jasho hazipotei. Ukiteremka lazima ziende mahali, na mahali pake ni breki. Ukishuka mita 100 hizo kwa dakika tatu, breki zinameza joto la zaidi ya wati 500, karibu sawa na nusu ya jiko dogo la umeme. Breki ya Phoenix ni ya fimbo: ukibana mkono, fimbo za chuma huvuta raba mbili ndogo zikagusa rimu kwa ndani. Rimu ya chuma kilichong'arishwa ikilowa, raba hizo huteleza, na raba kuukuu iliyokauka huteleza hata kwenye jua. Kabla ya safari mpelekee fundi baiskeli abadilishe raba zote nne na akaze spoki. Kisha fanya jaribio hili: funga mzigo wote, bana breki ya nyuma, sukuma. Tairi likiburuzika bila kuzunguka, ondoka; likizunguka hata kidogo, rudi kwa fundi. Bei ya raba hizo ni ndogo kuliko ya fulana ya michezo, na kama fedha inatosha kimoja tu, fulana isubiri.

Basi mtu wa Katoro aende wapi? Jibu langu ni ziwani kwanza, Usambara baadaye. Lami inakutoa Katoro, inapita Buseresere na kukupeleka Chato, kisha Muganza. Gawa safari hiyo siku mbili na ulale Chato. Kutoka pande za Muganza unavuka kwa boti kwenda Kisiwa cha Rubondo, na baiskeli unaiacha bara kwa mtu wa kuaminika. Rubondo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Kati ya 1966 na 1969 sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa huko kwa juhudi za mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek, na vizazi vyao vipo hadi leo. Wapo pia nzohe, swala wa majimaji ambaye watu wengi wa kanda hii hawajawahi kumwona ingawa anaishi mlangoni mwao, wapo tembo, na ndege wala samaki wasiohesabika. Simba hawapo. Matembezi ya miguu yanafanyika kwa kuongozwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, na hema linapigwa mahali palipotengwa, mbali na mapito ya viboko, ambao usiku hutoka majini kula majani.

Atakayecheka kwamba Rubondo si mlima ana haki ya kucheka, lakini asikilize namba. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Masa, kusini mwa kisiwa, vinafika mita 1,486. Huo ni mwinuko wa mita 352. Mtu wa kilo 65 mwenye begi la kilo 10 anayepanda kiasi hicho anafanya kazi ya joule 258,000 hivi, na kwa kuwa msuli hugeuza robo tu ya chakula kuwa mwendo, atateketeza kalori karibu 250 kwa kupanda peke yake. Ni zoezi la kweli kwa mguu usiozoea, bila hatari ya ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500. Anayeanzia Kilimanjaro hulipia somo la kwanza kwa bei ya somo la mwisho.

Mzigo ndio unaoharibu likizo nyingi, na mzigo mkubwa kuliko wote ni maji. Kwa jua la kanda hii mwendesha baiskeli ahesabu lita nne hadi tano kwa siku, yaani kilo nne hadi tano, na hawezi kuzipunguza kwa kuteka popote. Karibu na machimbo madogo, mahali penye makarasha na mialo ya kuchenjulia dhahabu, vijito vinaweza kuwa na zebaki. Kuchemsha hakuiondoi zebaki, na vidonge vya kusafishia maji haviiondoi pia. Maji yabebwe kutoka bomba au kisima cha kijiji kinachotumiwa na wenyeji. Ziwani kuna habari nyingine: kichocho huingia kupitia ngozi, hasa penye magugu ya ufukweni, kwa hiyo usioge hapo hata maji yakiwa maangavu. Yaliyochotwa na kuachwa kwenye chombo siku mbili bila konokono huwa salama kwa kuoga, kwa sababu vijidudu vya kichocho havidumu zaidi ya hapo.

Kwa chakula, Usukuma ulishatatua tatizo ambalo maduka ya vifaa vya safari huko nje hulitoza fedha nyingi. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, ni chakula kikavu, chepesi, kisichooza, kilichokwisha kupikwa. Unatafuna ukiwa njiani bila kuwasha moto. Michembe ni myepesi vilevile lakini imekaushwa mbichi, inataka kuchemshwa, kwa hiyo iweke kwa jioni kambini, pamoja na dagaa. Hema dogo la watu wawili lina uzito wa kilo mbili au tatu. Asiye nalo anaweza kutumia turubai na kamba, ila chandarua asikiache. Mavazi yanataka angalizo moja. Rubondo na mapori ya Burigi-Chato yana mbung'o, wanaoweza kuambukiza malale, na nzi hao huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa kuwa huuma mchana, shati la kaki lina maana zaidi kuliko rangi ya hema.

Kuna pingamizi lisilo la hesabu. Katika mji kama Katoro, ambako kijana akipata fedha ya dhahabu hununua pikipiki kwanza, kurudi kwenye baiskeli kwa hiari huonekana kama kurudi nyuma, na ndugu watauliza kama biashara imeyumba. Siwezi kuwaambia watu waone fahari mahali walipoona dhiki miaka yote. Aliyebeba mkaa kwa baiskeli ana sababu ya kuichoka. Ninachoweza kusema ni kwamba pikipiki inakufikisha chini ya mlima ukiwa na miguu ileile uliyoondoka nayo, ilhali siku mbili za baiskeli kwenye tambarare hupasha moyo na mapaja moto taratibu kabla ya kupanda. Mwenye nia ya kufika tu apande basi, hakuna ubaya.

Hoja ya usalama ina uzito zaidi. Malori ya masafa marefu hayamwachii mwendesha baiskeli nafasi, kwa hiyo endesha kuanzia alfajiri kukipambazuka hadi saa tano, usiendeshe giza likiingia, na uvae kitu kinachong'aa mgongoni. Usipige hema kwenye vilima vya machimbo karibu na Geita: maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi hayana uzio wala alama, na maeneo ya mgodi mkubwa yana ulinzi. Kijijini, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hujashusha mzigo. Atakayekuonesha pa kulala atakuwa pia shahidi wako.

Msimu nao una neno lake. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu. Nje ya hapo, kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana. Joto la mchana hujenga mawingu bara na kuyapasua alasiri, na usiku dhoruba huhamia ziwani. Kwa hiyo kilele kiwe cha asubuhi. Ukisikia ngurumo ukiwa juu, shuka, usikimbilie mti ulio peke yake, na usipande tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama boti inakusubiri ufukweni. Katika hali hiyo nayo haipaswi kuondoka.