Chuo Nafuu ni Kile Utakachokimaliza

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2024 yalipotangazwa Januari 9, 2025, watahiniwa 246,391 walikuwa wamepata alama ya C+ au zaidi, kiwango kinachofungua mlango wa shahada. Waliofanya mtihani walizidi 960,000. Maana yake ni kwamba katika kila wanafunzi wanne, karibu watatu hawakufika hapo. Wana C, C-, D+, D au chini ya hapo, na ni vigumu kupata kijiji cha Kiminini, Kwanza, Chwele au Kimilili kisicho na kijana wa namna hiyo. Makala haya ni yao, pamoja na wazazi wanaokesha wakipiga hesabu.

Swali linalonijia mara nyingi ni hili: "Mwalimu, chuo gani kina karo ya chini?" Ni swali la haki, ila ni nusu tu ya swali. Chuo cha karo ndogo ambacho mwanafunzi anakiacha mwaka wa pili kimekula pesa zote na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana mimi huuliza: kati ya vyuo vinavyoikubali gredi yako, ni kipi ambacho familia yako itakilipia mpaka siku ya kupokea cheti?

Tuanze na gredi. Vyuo vya kiufundi vinavyofuata mafunzo ya umilisi vimepanga kozi kwa viwango. Kiwango cha 6 ni diploma, na kwa kawaida huhitaji C-. Kiwango cha 5 ni cheti, na mwenye D huingia. Kiwango cha 4 humpokea hata aliye chini ya hapo. Viwango hivi ni ngazi: aliyeanza cha 5 katika umeme au mabomba anaweza kupanda hadi cha 6, na mwenye diploma anaweza baadaye kuomba nafasi ya shahada. Kwa kozi za afya katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, diploma nyingi hutaka C na vyeti C-, tena kwa kutazama masomo maalum kama Biolojia na lugha. Kwa hiyo usisome gredi ya jumla peke yake. Weka karatasi ya matokeo mezani, ulinganishe somo kwa somo na masharti ya kozi.

Wakazi wa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma wana bahati ambayo wengi hawaihesabu. Kitale kuna Kitale National Polytechnic, iliyopandishwa hadhi kutoka chuo cha ufundi mwaka 2016. Upande wa Bungoma kuna vyuo vya kiufundi vya Sang'alo na Kisiwa, na eneo la Kimilili lina Matili. KMTC ina vyuo Kitale, Bungoma na Webuye. Kwa waliofikia shahada, Kibabii, iliyoanza mwaka 2011 ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kupata hati yake mwaka 2015, iko nje kidogo ya mji wa Bungoma. Hata hivyo, kila mwaka vijana hupanda basi la Nairobi kutafuta kozi ileile inayofundishwa karibu na kwao.

Umbali ni pesa. Tazama hesabu hii ya mfano, kisha uweke bei za kwenu. Tuseme chumba cha kukodi ni shilingi 2,500 kwa mwezi na chakula ni shilingi 150 kwa siku. Kwa miezi tisa ya masomo, chumba kitachukua 22,500 na chakula 40,500, jumla 63,000. Sasa linganisha na karo: utaratibu ulioanza mwaka 2018 uliweka karo ya vyuo vya umma vya kiufundi kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Kula na kulala kumeishinda karo! Kijana wa Kiminini anayesomea Kitale akitumia nauli ya shilingi 200 kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki kwa wiki 39, atalipa 39,000, na chakula atakula kilichopikwa nyumbani. Familia imebakiza 24,000 kwa mwaka. Lakini hesabu hiyohiyo inaonya pia: nauli ya siku ikikaribia shilingi 320, faida ya kulala nyumbani imekwisha, na ni afadhali kutafuta chumba au kitanda katika bweni la chuo.

Jambo la pili ambalo karatasi ya karo haikuonyeshi ni majira ya pesa. Huku kwetu pesa huja na mavuno. Mahindi ya Trans Nzoia huvunwa kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi. Machi na Aprili, akiba yote huzikwa ardhini pamoja na mbegu na mbolea. Miwa ya Bungoma humfanya mkulima asubiri zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuiona shilingi. Vyuo vingi vya kiufundi navyo hupokea wanafunzi mara tatu: Januari, Mei na Septemba. Anayeanza Septemba huitiwa karo wakati ghala ni tupu na mahindi yangali shambani, na hapo ndipo mzazi huuza mazao kwa dalali kabla hayajakomaa, kwa bei ya kutupa. Anayeanza Januari hukuta magunia yamo nyumbani. Tofauti ya miezi minne tu inaweza kuamua kama mtoto ataendelea au atarudishwa kwa ajili ya karo. Mwombe mhasibu wa chuo akuambie malipo yanaweza kugawanywa vipi, na makubaliano yenu yawe kwa maandishi.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Karo nayo inataka mafiga matatu.

Figa la kwanza ni serikali. Kupitia KUCCPS, shirika la serikali la kugawa nafasi za masomo, mwanafunzi hupangiwa nafasi katika chuo, na aliyepangiwa chuo cha umma ndiye anayesimama katika foleni ya msaada wa serikali. Katika zile 56,420, serikali ilibeba 30,000, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ingeweza kumkopesha mwanafunzi 26,420 zilizobaki. Tangu mwaka 2023 utaratibu umebadilika: msaada na mkopo hutolewa kulingana na uhitaji wa familia, nao umepingwa mahakamani. Kwa sababu hiyo, usitegemee takwimu ya jirani aliyesoma miaka mitano iliyopita. Soma barua yako mwenyewe ya kuitwa chuoni. Na usikimbilie kujisajili moja kwa moja chuoni kabla ya kuuliza kama kufanya hivyo kutakutoa katika foleni hiyo.

Figa la pili ni mkopo wa HELB. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, chini sana kuliko ya mikopo mingi ya kwenye simu. Lakini mkopo ni deni. Utadaiwa baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au usiwe nayo. Tayarisha mapema kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, vitambulisho vya wazazi na vya wadhamini, na kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Wengi hukosa mkopo kwa sababu ya karatasi moja iliyotafutwa siku ya mwisho.

Figa la tatu ni familia, pamoja na basari ya kaunti na ya eneo bunge. Basari huja kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ihesabu kama nyongeza. Anayeijengea bajeti yote atakwama muhula wa kwanza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni chuo cha bei ya chini kisichotambuliwa. Ghorofani juu ya duka, bango limeandikwa uuguzi au famasia, karo ni nusu ya ile ya vyuo vingine, na hakuna anayeulizia gredi. Baada ya miaka miwili mwanafunzi hupewa karatasi ambayo hakuna mwajiri wala bodi itakayoipokea. Jilinde kwa maswali matatu. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya kiufundi? Je, kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa na kibali na kozi ikakosa? Na mtihani wa mwisho unatolewa na nani? Kwa kozi za afya ongeza la nne: bodi ya taaluma hiyo inakitambua chuo hiki? Majibu yatafute TVETA na kwenye bodi zenyewe, wala usiridhike na maneno ya karani anayepokea pesa.

Kisha fanya safari moja. Nenda chuoni siku ya masomo, bila kumjulisha mtu. Tazama karakana: mashine zinanguruma au zimefunikwa turubai? Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho mambo mawili tu: walilipa nini ambacho hakikuandikwa kwenye barua, na wenzao wangapi walioanza nao bado wako darasani. Ada ya mtihani, ovaroli, vifaa, nauli ya mafunzo ya kazini, yote yataibuka katika mazungumzo hayo.

Ukirudi nyumbani, chukua daftari, chora mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi. Upande wa kushoto andika pesa zinazoingia: maziwa, mahindi, mshahara wa kibarua, mchango wa mjomba. Upande wa kulia andika zinazotoka. Rudia hivyo kwa kila mwaka wa kozi. Fanyeni pamoja, mzazi na mtoto, bila kufichana. Mwezi ambao upande wa kulia unazidi ndio mwezi ambao kijana wenu angerudishwa nyumbani, na leo mmeuona mapema, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha tarehe ya kuanza, kozi au chuo.