Ametulia, Lakini Je, Amepona?

Siku ya sita baada ya kujifungua, mama mmoja wa hapa Kibirizi aliacha kulala. Usiku alizunguka uani akisema kuna sauti zinamwita ziwani, yeye na mtoto wake. Mumewe alikuwa majini akivua dagaa. Majirani walimfunga kwa kamba ya nyavu. Wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ana pepo. Asubuhi alipelekwa hospitali, akachomwa sindano, akalala. Baada ya siku kadhaa alirudi nyumbani, nasi akina mama wa kanisa tukaenda kuimba na kumshukuru Mungu.

Wiki sita baadaye kamba ilitolewa tena. Vidonge vilikuwa vimekwisha, hakuna aliyemwambia arudi lini, na mama mkwe wake alidhani amepona. Mimi ni muuguzi. Niliimba nyumbani mwake, wala sikuuliza habari za vidonge. Tangu siku ile najiuliza: tutajuaje kama msaada wa dharura umemfaa mgonjwa wa akili?

Wengi wetu tunatazama kama ametulia. Lakini hata aliyefungwa kamba ametulia! Mama mpendwa, nakushauri uulize mambo manne.

Kwanza, je, mwili wake ulipimwa? Malaria kali, homa ya uzazi na kifafa cha mimba vyaweza kumchanganya mtu akili, na kila kimoja kina tiba yake. Ugonjwa wa akili unaofuata uzazi nao upo. Huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Hiyo ni dharura kama kutokwa damu. Usingoje kesho.

Pili, je, mama na mtoto walilindwa? Katika siku hizo asiachwe peke yake na mtoto. Ndugu mwenye upole awe karibu nao. Kipigo na minyororo havitibu, na kumnyima chakula kwa jina la maombi ni kumwongezea ugonjwa.

Tatu, je, tiba iko karibu? Kwa miaka mingi jina lililotajwa kwa hofu lilikuwa Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927. Kutoka Kigoma kwa reli ni karibu kilomita 800. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilijaribu, katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kuwafundisha watumishi wa vituo vya afya kuwatibu wagonjwa hawa karibu na kwao. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana dawa iliyo mbali husahaulika.

Nne, je, baada ya miezi kadhaa hali ikoje? Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda alianza kuwatumia akina bibi waliofundishwa, wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza waliolemewa na mawazo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwahusu watu 573 katika zahanati 24. Walipimwa tena baada ya miezi sita, na waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa mama wetu, lakini kipimo kile kinatufaa sote.

Wako watakaosema maombi yanatosha. Someni habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Alipochoka hadi kuomba afe, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, tena mara mbili.

Basi, mgonjwa wako akiruhusiwa, usiondoke kabla ya kuuliza: Dawa hizi atameza hadi lini? Turudi siku gani? Dalili zipi zikitokea tusisubiri? Andika majibu nyuma ya kadi ya kliniki.

Siku hizi kikundi chetu huwatuma akina mama wawili kila wiki. Mmoja huhesabu vidonge, mwingine humpakata mtoto ili mama yake alale. Mama yule alirudishwa hospitali, akaendelea na dawa hadi alipoambiwa aache. Leo anaanika dagaa mchangani, na mtoto wake anafukuza kunguru.

Je, katika jumuiya yako, ni nani atakayebisha hodi wiki ya sita?