Gigabaiti 18 Zimekwenda Wapi?

Boksi la laptopu mpya limeandikwa GB 256. Unaiwasha, unaangalia diski, Windows inakuambia 238. Wengi huamini hapo hapo kwamba wamepunjwa dukani.

Hawajapunjwa. Baiti zote bilioni 256 zimo. Mtengenezaji wa diski huhesabu kwa maelfu, hivyo gigabaiti yake ni baiti 1,000,000,000. Windows hupanda kwa 1,024 badala ya 1,000, na gigabaiti yake inafika baiti 1,073,741,824. Gawa bilioni 256 kwa namba hiyo, utapata 238 na ushei. Ni sawa na kupima barabara kwa maili kisha ukaandika "kilomita" kwenye kibao. Mwaka 1998, IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ilikipa kipimo hicho kikubwa jina lake, gibibaiti. Windows imeendelea kuandika GB tu. Apple ilikwenda upande wa pili: tangu 2009, Mac huhesabu kwa maelfu. Na kadiri diski inavyokua, pengo nalo linapanuka. Terabaiti 1 huonekana kama GB 931.

La ajabu zaidi limo ndani ya SSD yenyewe, yaani diski inayotumia chipu za flashi. Chipu za flashi hutengenezwa kwa hesabu ya 1,024, kwa hiyo diski ya GB 256 mara nyingi hubeba gibibaiti 256 kamili. Ile ziada, kama asilimia 7, inafichwa makusudi. Seli za flashi huchakaa kwa kufutwa na kuandikwa upya, na diski huhitaji pa kuhamishia data na seli za kufidia zilizokufa.

Nafasi inayoliwa kweli ni nyingine: Windows yenyewe, patisheni ya kurejesha mfumo, programu za majaribio ambazo hukuziomba, na GB 7 hivi zinazotengwa kwa ajili ya masasisho. Halafu kuna hiberfil.sys, faili lililofichwa linalotunza yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapozimwa huku kazi zako zikiwa wazi. Kwa kawaida hutengewa asilimia 40 ya RAM. Mwenye RAM ya GB 16 anatoa zaidi ya GB 6. Anayezitaka aifungue Command Prompt kama msimamizi, aandike powercfg /h off. Faili litafutika papo hapo, ila kompyuta nayo itachelewa kidogo kuwaka.