Muhogo unaangaliwa wapi, na saa ngapi?

Ndugu wakulima wa Fizi na Baraka, swali moja linarudi kila msimu: "Tulichagua miti mizuri ya kupanda, mbona muhogo unaoza ndani ya udongo?" Mkono unakata kile jicho limeona. Tuangalie basi jicho linaona nini.

Mozaiki kila mtu anaijua. Majani yanajikunja, yana madoa ya njano, hata mtoto anayechuma sombe anaiona toka mbali. Michirizi ya kahawia si hivyo. Jani linabaki limenyooka na mti unasimama vizuri. Alama yake ni unjano unaofuata mishipa midogo ya jani, tena kwenye majani ya chini yaliyokomaa, mahali mtu anayetembea wima haangalii. Jani lililozeeka tu linageuka njano lote. Hili lina njano ya mabaka-mabaka. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1936 Tanganyika, Tanzania ya leo. Unaenezwa na nzi weupe, lakini safari ndefu tunausafirisha sisi wenyewe, ndani ya mafungu ya miti tunayopeana.

Sasa, wengi wanachagua siku ya kuvuna. Siku hiyo majani ya chini yameisha kuanguka. Hakuna cha kuona! Pita shambani mapema, mvua ikiwa bado inanyesha, asubuhi. Inama. Jua liwe mgongoni, jani ulitie kivuli chako, sababu mwanga wa saa sita unaling'arisha na ule unjano unapotea. Mti wenye alama ufunge kitambaa palepale, usitegemee kukumbuka. Na siku ya kuvuna, hata mti usio na kitambaa, kata viazi vyake vipande: kuna mbegu zinazoficha ugonjwa kwenye majani na kuuonyesha chini. Ukikuta uozo mkavu wa kahawia, miti ile usiigawe.

Koperative zingine zinatutumia picha kwa simu. Kwa mozaiki inatosha. Kwa michirizi, picha ya mbali haitusaidii, na fotokopi ya nyeusi na nyeupe ndiyo mbaya kabisa: njano ikigeuka kijivu, imebaki nini? Afadhali mtuletee jani lenyewe pamoja na kiazi kilichokatwa.

Shamba la kutoa miti ya koperative lipitiwe na watu wawili, kila mmoja na mistari yake, halafu wabadilishane. Jicho linachoka kabla ya miguu.